Ibn Khaldun na mwanachuo anayenyamaza

Sisi watu wa Pwani tuna neno moja, chuo, kwa mahali pawili. Chuo ni pale mtoto anapokwenda asubuhi na juzuu yake kwapani, akaanze alifu na bee. Chuo pia ni kule Kilifi au Tudor anakokwenda kaka yake kutafuta digrii. Lakini wazee walikuwa na neno jingine, zito zaidi: mwanachuoni. Huyu si mtu aliyesajiliwa mahali fulani. Ni mtu ambaye elimu imekaa ndani yake, ukimletea jambo la leo atalitolea jawabu hata kama kitabu alichosomea kiliandikwa zamani. Kati ya mwanachuo na mwanachuoni mna silabi moja tu. Safari ya kutoka kwa wa kwanza hadi kwa wa pili ndiyo ninayotaka tuizungumze.

Msimu wa mahafali ukifika, simu zetu hujaa picha za majoho. Nyuma ya kila joho pana gharama: shamba lililouzwa, mashua iliyowekwa rehani, mama aliyeamka alfajiri miaka minne kukaanga mahamri, mkopo wa HELB unaongoja kulipwa. Hongera kwao wote. Hata hivyo, nimekaa na vijana wengi baada ya joho kurudishwa. Kijana aliyesomea mazingira atakutajia sababu sita za mmomonyoko wa ufuo, kwa mpangilio ule ule wa daftari. Muulize kwa nini ufuo wa kijijini kwao unaliwa na ule wa kijiji jirani hauliwi, hapo atanyamaza. Si mjinga. Ni kwamba katika miaka yote minne hakuna aliyemuuliza swali ambalo jawabu lake halikuwa kwenye noti.

Tunapenda kudhani maradhi haya yameletwa na Mwingereza na mitihani yake, au na simu za mkononi. La. Zaidi ya miaka 600 iliyopita kuna Mwislamu aliyeyaeleza kwa dalili zake, akataja hata idadi ya miaka ambayo mwanafunzi huipoteza kwa sababu yake. Ni Abdurrahman bin Khaldun, maarufu kama Ibn Khaldun. Wengi humtaja kwa elimu ya historia na ya jamii. Mimi leo nataka tumtazame kama mwanafunzi, kisha kama mwalimu.

Alizaliwa Tunis tarehe 27 Mei 1332, siku ya kwanza ya Ramadhani mwaka 732 Hijria. Ukoo wake ulijinasibisha na Hadhramaut, kule kule walikotoka mababu wa wengi wetu waliotua Lamu, Malindi na Mombasa. Tofauti ni kwamba wa kwao walielekea magharibi. Walifika Andalusia, wakawa watu wakubwa mjini Seville, na mji huo ulipokuwa karibu kutekwa na Wakristo mwaka 1248 walivuka bahari, mwishowe wakaweka makazi Tunis. Baba yake aliziacha siasa za ukoo akajishughulisha na elimu.

Kijana Abdurrahman alianza walipoanzia watoto wote wa Kiislamu. Aliihifadhi Qur'ani, akasoma visomo vyake mbalimbali, akasoma nahau ya Kiarabu, hadithi na fiqhi ya Maliki. Nalitaja hili mapema ili nisieleweke vibaya mbele ya safari. Mtu tunayemzungumzia hakuwa adui wa kuhifadhi. Alikuwa hafidhi.

Mwaka 1347 sultani wa Morocco, Abul Hasan, aliiteka Tunis. Katika msafara wake aliandamana na wanavyuoni, na mmoja wao alikuwa Al-Abili, mtu wa Tlemcen, bingwa wa hisabati na mantiki. Kijana wa miaka 15 akamshika mwalimu huyo. Wengine walikuwa wamempa maneno ya wakubwa waliotangulia. Al-Abili alimfundisha kupima maneno hayo: hoja imeanzia wapi, inasimama juu ya nini, na ikisukumwa itaanguka upande gani.

Haukupita muda ikaja tauni kubwa ya 1348 na 1349. Iliwachukua wazazi wake wote wawili na wengi katika walimu wake. Akiwa na miaka 17 alibaki yatima katika mji uliojaa makaburi. Al-Abili alisalia kwa muda, akaendelea kumfundisha, kisha akarudi Fez. Kijana alikuwa na miaka 19 alipomaliza kitabu chake cha kwanza mwaka 1351, nacho kilikuwa muhtasari wa kitabu kigumu cha Fakhruddin Razi. Likumbuke neno hilo, muhtasari, kwa maana tutakutana nalo tena.

Kazi yake ya kwanza ya serikali ilikuwa ya heshima na ya kuchosha. Alipewa kuandika, kwa hati kubwa, maneno ya kumhimidi na kumshukuru Mwenyezi Mungu juu ya barua za mtawala wa Tunis. Maneno yale yale, kila barua, kila siku. Wengi wangeridhika na mshahara na kiti. Yeye aliiona kazi hiyo ni ndogo kuliko hadhi ya wazee wake, na walimu wake walikuwa wameshaondoka. Nafasi ilipopatikana akatoroka, na mwaka 1354 akaingia Fez, katika majilisi ya Sultani Abu Inan.

Fez ndipo alipouona ulimwengu wa madrasa kubwa kwa karibu. Masultani wa Kimarini walikuwa wamejenga madrasa za fahari, zenye marumaru na mbao za kuchongwa, na vyumba vya wanafunzi wa bweni waliolishwa kwa mapato ya wakfu. Kwa majengo, hakuna lililokosekana. Baadaye maishani aliandika alichokiona ndani ya majengo hayo. Wanafunzi walihudhuria darsa miaka nenda miaka rudi wakiwa kimya. Hawakusema, hawakuulizana, hawakubishana juu ya hoja. Hima yao yote ilikwenda kwenye kuhifadhi kuliko inavyohitajika. Wakimaliza walijiona wamefika, lakini wakiitwa kujadili au kufundisha walipwaya.

Kisha akaweka hesabu mezani. Morocco, muda uliowekwa kwa mwanafunzi kukaa madrasa ulikuwa miaka 16. Tunis ulikuwa miaka 5. Mtu wa kawaida angesema basi wa Morocco wamesoma zaidi mara tatu. Yeye alisema kinyume chake: ule urefu wenyewe ni dalili ya ubovu wa mafunzo. Miaka ilirefuka kwa sababu njia ilikuwa mbaya, na kuhifadhi kwao kulikuwa kwingi kuliko kwa wengine kwa vile walidhani hilo ndilo linalotafutwa.

Lililokuwa linatafutwa yeye aliliita malaka. Neno hilo halitupigi chenga sisi Waswahili, kwa sababu limetoka kwenye shina lile lile lililotupa milki na kumiliki. Malaka ni ujuzi ambao mtu ameumiliki, kama fundi wa jahazi alivyomiliki kazi yake. Unaweza kuyahifadhi majina ya mbao zote za jahazi na usiweze kuunda hata mtumbwi. Fundi naye huenda asikuorodheshee, lakini jicho lake likipita kwenye ubao linajua utakaa wapi. Ibn Khaldun aliifananisha elimu na ufundi kwa maana hiyo hiyo. Na njia iliyo nyepesi kuliko zote ya kuifikia malaka, alieleza, ni kuufungua ulimi kwa mazungumzo na mjadala katika masuala ya elimu.

Pale pale Fez lilimpata jambo jingine linalotuhusu sisi. Mwaka 1331, mwaka mmoja kabla ya yeye kuzaliwa, Ibn Battuta alipita Mombasa akielekea Kilwa. Msafiri huyo aliporudi kwao Morocco alisimulia aliyoyaona, hasa mambo ya sultani wa India, na watu wa Fez wakanong'ona kuwa ni mwongo. Ibn Khaldun naye akaingiwa na shaka, akamweleza waziri mmoja, Faris bin Wadrar. Waziri akamuonya kwa kisa. Palikuwa na waziri aliyefungwa jela pamoja na mwanawe mdogo. Mtoto alikulia mle ndani. Alipopata akili akawa anauliza kuhusu nyama wanayoletewa, na baba akimweleza kondoo alivyo, mtoto huuliza kama ni jamii ya panya, kwa sababu jela hakuona mnyama mwingine ila panya.

Ibn Khaldun hakukificha kisa hicho. Alikiandika kitabuni mwake, akatoa kanuni: mtu arudi kwenye asili ya mambo, apime linalowezekana na lisilowezekana, asikubali kila analosikia wala asikanushe kila asichokizoea. Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinawakata kalima wale wanaodhani kufikiri ni kupinga tu. Siku hizi kijana akisoma kurasa mbili huanza kukanusha kila kitu, akajiita mchambuzi. Huyo naye bado anapima kondoo kwa panya.

Maisha yake ya siasa sitayapamba. Mwaka 1357 Abu Inan alimtia jela kwa kumshuku kuwa anakula njama, na akakaa humo karibu miaka miwili hadi sultani alipofariki. Baada ya hapo alihama kutoka mtawala hadi mtawala, mara nyingi akimwacha anayeshindwa na kumfuata anayeshinda. Mwaka 1362 alikwenda Granada. Mwaka 1364 alitumwa ubalozi kwa Pedro, mfalme wa Castilla, pale pale Seville palipokuwa na mali ya babu zake. Mfalme alitaka abaki, ayarudishiwe, naye akakataa. Mwaka 1365 alikuwa mkuu wa serikali ya Bejaia. Kila jumba la kifalme aliliona likiinuka na kila moja akaliona likiporomoka.

Mwaka 1375 alichoka. Akajitenga na familia yake katika ngome ya Ibn Salama, katika nchi ambayo leo ni Algeria, chini ya himaya ya kabila la Kiarabu la mahali hapo. Alikaa huko karibu miaka minne. Mwaka 1377, kwa miezi mitano, aliandika rasimu ya Muqaddima, utangulizi wa kitabu chake kikubwa cha historia. Alikuwa mbali na maktaba. Alikuwa na alichohifadhi, alichokiona, na malaka ya kuviunganisha viwili hivyo. Baada ya hapo ndipo aliporudi Tunis kutafuta vitabu vya kuhakikishia.

Somo la kwanza la Muqaddima ni somo la kuuliza. Wanahistoria, alisema, wamenakili makosa kizazi baada ya kizazi kwa kutegemea mapokezi peke yake, bila kuyapima kwa desturi za watu na hali ya nchi. Mfano wake mmoja ni habari iliyonakiliwa na Al-Masudi, kwamba Nabii Musa, amani iwe juu yake, alihesabu katika jeshi la Wana wa Israeli watu 600,000 au zaidi wenye uwezo wa kupigana. Ibn Khaldun hakumgusa Nabii wala wahyi. Aliuliza maswali ya mtu wa kawaida. Jeshi la kiasi hicho lingepangwa vipi vitani, ikiwa upande mmoja haujui upande wa pili unafanya nini? Nchi zile zingelilisha kwa nini? Na vizazi vichache tangu kwa Nabii Yaakub vingezaaje umma wa namna hiyo? Hesabu ilikuwa imenakiliwa na wakubwa, naye akaipima kwa akili aliyopewa na Mola wake.

Katika sura ya sita ya kitabu hicho alieleza jinsi ya kufundisha. Mwanafunzi apitishwe katika elimu mara tatu. Mara ya kwanza apewe misingi kwa ujumla, kwa kadiri ya uwezo wake. Mara ya pili arudishwe mwanzo, aelezwe kwa kina, aonyeshwe wanavyuoni walipotofautiana na kwa nini. Mara ya tatu asiachiwe fundo lolote bila kufunguliwa. Neno alilotumia kwa kurudia huko ndilo lililotuzalia sisi neno kukariri. Tazama tulivyolishusha thamani. Kwake yeye, kila unaporudia unachimba chini zaidi. Kwetu sisi, unarudia maneno yale yale mpaka siku ya mtihani, kisha unayasahau ukiwa njiani kwenda stejini.

Alikataza pia kumrundikia mwanafunzi elimu mbili kwa wakati mmoja kabla hajaimudu moja. Alisema ukali wa fimbo humfundisha mtoto uongo na hila, ukamvunja utu wake. Na alisema kusafiri kukutana na walimu tofauti kunamwonyesha mwanafunzi kwamba istilahi na mipangilio ya mwalimu mmoja siyo elimu yenyewe. Ni njia moja tu ya kuifikia.

Halafu kuna ile habari ya mihutasari. Alitenga fasili nzima kueleza kuwa vitabu vilivyofupishwa mno vinaharibu mafunzo. Vimekusudiwa kumrahisishia mwanafunzi kuhifadhi, lakini vinamtwisha mzigo wa kufumbua maneno yaliyobanwa, na malaka anayoipata ni pungufu. Anayesema hayo ndiye yule aliyeanza kazi yake ya uandishi kwa muhtasari akiwa na miaka 19. Alijua kutoka ndani kinachopatikana kwa kufupisha na kinachopotea. Ukiufupisha wewe mwenyewe mlango wa kitabu, umeusoma. Ukipewa uliofupishwa na mwingine, umepewa maganda.

Hata juu ya kuhifadhi kwenyewe alikuwa na jambo la kushangaza. Anayetaka kuwa mshairi, alisema, na ahifadhi mashairi mengi mazuri, kisha ayasahau. Maneno yaondoke, umbo libaki nafsini, na juu ya umbo hilo asuke yake. Wapo washairi wetu wa Lamu na Mombasa ambao hawakusoma Muqaddima lakini ndivyo walivyofunzwa: kijana alikaa miaka na tungo za wakubwa, kisha siku moja akaambiwa atunge lake. Ibn Khaldun pia alikiri kuwa yeye mwenyewe ushairi ulimwia mgumu, kwa sababu utotoni alijaza kifua chake kwa tungo za kufundishia sheria na visomo. Kwa hivyo usidhani kila unachohifadhi ni faida. Unachohifadhi kinakujenga au kinakubana.

Mwaka 1382 aliaga Tunis kwa nia ya kwenda Hija, akafika Misri. Alifundisha Al-Azhar, na wanafunzi wakamjia kwa wingi. Mwaka 1384 aliteuliwa kadhi wa madhehebu ya Maliki, Cairo. Humo alipambana na mashahidi wa uongo, na watu waliokaa kutoa fatwa bila kustahiki, kila mmoja akiuza jawabu lililompendeza mteja. Aliwaudhi wakubwa. Katika mwaka huo huo jamaa zake waliokuwa wakija kwa jahazi kutoka Tunis walizama karibu na Alexandria. Sisi watu wa bahari tunajua maana ya kungoja chombo kisichofika. Aliacha ukadhi, mwaka 1387 akaenda Hija, akarudi kufundisha. Miongoni mwa waliokaa mbele yake ni Al-Maqrizi, aliyekuja kuwa mwanahistoria mkubwa wa Misri, na aliyechukua kutoka kwake si orodha ya wafalme bali tabia ya kuuliza kwa nini bei zinapanda na dola zinaanguka.

Mtihani wake mkubwa kuliko yote ulikuja Januari 1401. Timur, mtekaji aliyeitetemesha dunia, alikuwa ameizingira Damascus, na Ibn Khaldun alikuwa ndani ya mji. Akiwa na umri wa miaka 68 aliteremshwa ukutani kwa kamba, akaenda kukaa mbele ya mtu huyo hemani. Timur alimuuliza juu ya nchi za Maghribi, juu ya wafalme wa kale, juu ya asili ya madola. Hakuwa na noti. Hakuna mtihani uliopita ambao angeweza kuukariri. Alijibu, akajadili, akatakiwa aandike maelezo ya nchi zake, akayaandika, na akarudi Cairo salama. Damascus haikusalimika na moto. Lakini mzee alitoka na roho yake kwa sababu elimu aliyokuwa nayo ilikuwa milki yake.

Alifariki Cairo tarehe 17 Machi 1406, siku chache kabla ya mwisho wa Ramadhani, akiwa ameteuliwa kadhi kwa mara ya sita. Alizikwa katika makaburi ya masufi nje ya Bab al-Nasr. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa turudi kwetu. Pwani University na Technical University of Mombasa zote zilipata hati ya kuwa vyuo vikuu kamili mwaka 2013. Kabla ya hapo tulilia miaka mingi kuwa Pwani haina chuo kikuu chake. Tumepata majengo. Swali la Ibn Khaldun kwa Fez linatuhusu sisi, na linahusu vyuo vyote vya nchi hii: ndani ya majengo, ni nani anayesema? Kama ni mhadhiri peke yake, na mwanafunzi kazi yake ni kunakili, kupiga kopi, kukariri na kutapika, basi tumejenga Fez. Na mwanafunzi aliyezoea kunyamaza akikosa cha kukariri huingia na mwakenya mfukoni, au siku hizi huiomba akili mnemba imwandikie. Ule ndio muhtasari wa zama zetu. Umefupishwa na asiyekuwa wewe, na wewe hukumiliki hata herufi.

Najua wahadhiri wana udhuru. Darasa la wanafunzi mia tatu haliwi halaka ya mjadala, na mwalimu anayefundisha vyuo vitatu ili alipe kodi hana muda wa kusoma insha. Hayo ni kweli na serikali iyabebe. Lakini swali moja lisilo kwenye noti halihitaji bajeti. Mtihani wa maswali matano ukiwa na moja tu linalomtaka mwanafunzi aitazame bandari yetu, ardhi zetu za hati zenye utata au mikoko inayokatwa, na atoe hoja yake na kuitetea, utabadilisha namna watu wanavyosoma muhula mzima.

Na tusitegemee mtihani kutuonyesha kila kitu. Marehemu Profesa Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, alipata daraja la tatu tu katika cheti cha sekondari cha Cambridge. Karatasi ile haikuona kilichokuwa ndani ya kijana. Kabla ya kutimiza miaka 40 alikuwa profesa Makerere, na umaarufu wake ulikuwa ule ule alioutaka Ibn Khaldun kwa mwanafunzi: ulimi uliofunguliwa kwa hoja.

Mimi mwenye kuandika haya nina diploma, sina digrii, kwa hivyo simdharau anayeihangaikia. Ninachoogopa ni saa inayokwenda. Watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi ulioanza 2017 wameingia sekondari pevu, na hawako mbali na mlango wa chuo kikuu. Tumewaambia tangu chekechea kuwa wataulizwa wanaweza kufanya nini, si wamekariri nini. Wakifika chuo wakakuta noti za manjano zilizosomwa na kaka zao, tutakuwa tumewadanganya kwa miaka yote hiyo.

Mzazi naye ana kazi yake, na inaanzia kwenye chuo kile cha kwanza, cha juzuu kwapani. Mwanao akihifadhi sura, mshukuru Mungu, mpe zawadi yake. Kisha muulize amefahamu nini ndani yake, na akikuuliza wewe swali usilolijua, usimwambie anyamaze. Mpeleke kwa anayejua, mkaulize pamoja. Kwa mwanafunzi aliye chuo kikuu leo sina wasia mrefu. Darsa lijalo, mhadhiri akimaliza na akauliza kama kuna swali, inua mkono. Wenzako watacheka mara ya kwanza. Mara ya tatu na wao watainua.